Kikohozi cha Alasiri

Askari wa zamu alikuwa amegoma kukaa uani. Alikibeba kiti chake cha plastiki, akakiweka nje ya lango la kituo, akaketi na bunduki mapajani kana kwamba barabara ndiyo iliyotaka kuibwa. Inspekta alipofika asubuhi hiyo alimkuta papo hapo.

"Unalinda nini huku?"

"Roho yangu, afande."

"Na magari?"

"Magari hayana neno. Ila lile la fundi bomba. Lile linajiwasha."

Alisema bila kutabasamu, na Inspekta hakumcheka. Inspekta alikuwa mwanamke mnene kiasi, mwenye kutembea taratibu na kuuliza taratibu, na vijana wa kituo walimwita Kobe wakidhani hajui. Alijua. Jina halikumkera, kobe huchelewa, lakini nani amewahi kusikia kobe amepotea njia?

"Linajiwasha vipi?"

"Linakohoa. Juzi lilikohoa, jana likakohoa tena. Alasiri, jua kali, uwanja kimya. Grr, grr, grr, halafu linanyamaza. Nikaenda kuchungulia. Ndani hamna mtu, milango imefungwa." Alikisogeza kiti mbali zaidi na lango. "Mimi si mtu wa mizimu, afande. Lakini yule marehemu alikufa wakati huo huo wa alasiri."

"Ufunguo wake ninao mimi, kwenye bahasha."

"Ndiyo maana nimehamia huku."

Gari lenyewe lilikuwa pikapu nyeupe iliyochakaa. Mwenyewe, fundi bomba, alikutwa nyumbani kwao amebanwa kati ya bampa ya mbele na ukuta, pale kwenye bomba la uani alipokuwa ameinama kunawa mikono. Mama yake alikuwa ndani amejilaza, akasema hakusikia kitu. Mdogo wake, kinyozi, alikutwa kando ya maiti na ufunguo wa gari mfukoni. Majirani waliwasikia ndugu hao wakigombana muda mfupi kabla. Kwa mkuu wa kituo, kesi ilikuwa imeiva na kilichobaki ni kuipakua.

"Ufunguo mfukoni, ugomvi umesikika, mtu amekufa," Mkuu alisema bila kuinua macho. "Unataka nini tena, Inspekta? Akuimbie?"

"Nataka kujua kwa nini gari linakohoa."

"Gari bovu hukohoa."

"Bila ufunguo?"

Mkuu aliweka kalamu chini. "Kesho asubuhi anapandishwa kizimbani kwa kosa la kuua. Una leo tu. Na usiniletee habari za majini."

Kinyozi alikuwa amekaa sakafuni mahabusu, mgongo ukutani, ndevu zimemwota ovyo. Mtu ambaye kazi yake ni kuwapendezesha wenzake sasa alionekana kama aliyeokotwa jalalani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nieleze tena ufunguo."

"Nilitaka kuliazima gari jioni, nikachukue kiti cha saluni. Kaka alipolizima tu, akanirushia ufunguo. Nikautia mfukoni, nikatoka nje."

"Lakini mligombana. Ulimwambia, 'Gari hili litakuua.'"

"Nilimwambia. Kila siku nilimwambia." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Stata, ile inayozungusha injini iwake, ilikuwa mbovu. Breki ya mkono ilikufa zamani, akawa analiacha kwenye gia na kuweka jiwe tairi la mbele. Nikisema alipeleke gereji, ananijibu fundi hapeleki kazi kwa fundi mwenzake."

"Jiwe gani?"

"Jiwe lake. Linakaa pale bombani siku zote. Akifika analisukuma kwa mguu chini ya tairi, ndipo ananawa."

Inspekta alitoa picha za siku ya tukio, akazipanga sakafuni. Tairi la mbele, sakafu ya saruji, bomba, ukuta. Alizipitia moja moja, kisha akazirudia. Jiwe halikuwamo.

"Siku ile aliliweka?"

"Nilikuwa nimeshampa mgongo." Kinyozi alizitazama picha mara moja tu, akageuza uso. "Mama yetu anakula?"

"Sijui."

"Tulikuwa wawili tu kwake."

Fundi umeme wa magari aliyeletwa kituoni aliitwa Shoti. Mwenyewe alidai kapewa jina kwa ustadi wa kuzisaka shoti. Wabaya wake walisema limetokana na magari aliyoyaunguza. Alikuja na shati safi na taa ya kupimia umeme shingoni, akalizunguka gari huku akilisemesha. Kabla ya kugusa chochote aliingiza jiwe chini ya tairi, akahakikisha gari halimo kwenye gia.

"Mliliacha huru?" aliuliza.

"Tulilisukuma kulileta hapa," alisema Inspekta. "Nyumbani lilikutwa kwenye gia ya kwanza."

"Gari lenye stata yenye wazimu haliachwi kwenye gia bila jiwe, afande. Stata peke yake ina nguvu ya kulisogeza. Injini haina haja ya kuwaka." Alifungua boneti, akaelekeza kidole chini kabisa. "Stata ile pale. Waya ule mnene unatoka kwenye betri, una moto saa zote. Ule mwembamba ndio bosi. Ukipata moto, stata inazunguka. Usipopata, inalala. Kwa hiyo swali ni moja: nani anampa bosi moto?"

Alibana taa yake kwenye waya mwembamba. Haikuwaka. Inspekta alitoa ufunguo kwenye bahasha, akaingia ndani, akauzungusha. Taa za dashibodi ziliwaka, redio ikakoroma. Taa ya Shoti ilibaki giza na stata ikabaki kimya.

"Rudia."

Akarudia. Kimya.

"Ufunguo umekufa upande wa stata," Shoti alisema. "Ukiwa nao unaweza kusikiliza taarifa ya habari. Gari hulizungushi."

Inspekta aliutazama ule ufunguo uliomlaza mtu ndani. "Sasa marehemu alikuwa akiliwasha vipi?"

Shoti alijilaza chini ya usukani, miguu nje, akaanza kucheka peke yake. Alipotoka alimwonyesha pa kutazama. Chini ya dashibodi palikuwa na kitufe cheupe cha kengele ya mlango, kimefungwa kwa skrubu mbili, nyaya mbili zikitoka nyuma yake na kupotea upande wa injini.

"Hodi," alisema Shoti, akakibonyeza. Gari likakohoa kwa nguvu, na huko nje ya lango kiti cha plastiki kikasikika kikianguka. "Jini wenu huyu hapa, afande. Kitufe kinanata. Nakibadilisha, mnalala usingizi."

Inspekta alikibonyeza mwenyewe, akakiachia. Akakibonyeza tena kwa kidole, kwa dole gumba, kwa pembeni. Kila alipokiachia kilirudi na kikohozi kikakatika.

"Hakinati."

"Sasa hivi hakinati."

"Na hata kingekuwa kinanata, jana nani alikibonyeza? Milango ilikuwa imefungwa."

Aliyejibu alikuwa Mkuu, aliyesimama dirishani kwake na kikombe mkononi.

"Kwa hiyo hata ufunguo hauhitajiki," alisema. "Mkono mmoja tu dirishani. Ahsante, Inspekta. Umeniongezea ushahidi."

Inspekta aliufunga mlango wa pikapu na kuondoka kwa miguu.

Kati ya ua wa marehemu na chumba cha fundi cherehani palikuwa na ukuta mmoja tu. Dirisha la fundi cherehani lilitazama kichochoroni, na kila aliyepita alimsalimia, apende asipende. Alimpokea Inspekta na pini mdomoni.

"Nilishasema yote, dada. Waliniuliza kama nilimwona kinyozi akiwa karibu na gari. Nikasema ndiyo."

"Akifanya nini?"

"Akilikimbilia. Nilichungulia mlangoni nikamwona anaingia pale getini mbio."

"Kabla ya gari kukohoa, au baada?"

Fundi cherehani alitoa pini mdomoni, akazichomeka moja moja kwenye kitambaa. "Baada. Alikuwa amesimama hapo ulipo wewe, ananisumbua kuhusu suruali yake. Gari likakohoa ng'ambo ya ukuta, kikafuata kishindo. Ndipo akakimbia."

"Mbona hukuwaambia?"

"Hawakuuliza kabla wala baada. Waliuliza karibu."

Inspekta alishusha pumzi. Kazi ya polisi ilikuwa imempa riziki maisha yake yote, na siku nyingine ilimtia aibu. "Injini iliwaka?"

"Haikuwaka. Asubuhi likikohoa hunguruma, moshi wote unaingia kwenye nguo za watu. Siku ile lilikohoa tu, likagonga, likanyamaza." Alishusha sauti. "Nikwambie lingine? Yule mama sasa ananitisha. Kila alasiri anatoka mlangoni, anasema, 'Nakuja, mwanangu.' Uani hamna mtu. Mtu anamwitikia maiti nakuja! Mimi siku hizi nafunga dirisha, joto na liwe joto."

Mkuu angesema fundi cherehani anamtetea jirani yake, na Inspekta alijua hivyo hata kabla hajarudi kituoni. Neno la jirani lisingetosha. Ilibidi gari liseme lenyewe.

Alirudi jua likiwa utosini. Aliamuru boneti ifungwe, madirisha yapandishwe, milango ifungwe kwa ufunguo, kisha ufunguo ule akampa Mkuu autie mfukoni mwake yeye mwenyewe. Shoti aliupitisha waya wa taa yake kwenye matundu ya mbele, akaitundika taa kwenye kioo cha pembeni ambapo wote wangeiona. Askari wa zamu aliingizwa uani kwa amri, akasimama karibu na lango.

"Tunangoja nini?" Mkuu aliuliza.

"Jua."

Walingoja. Bati la boneti lilianza kutoa milio midogo ya kutanuka. Mkuu alihamisha kiti kivulini, akatazama saa. Katika ukimya ule Inspekta alijikuta akikitazama kiti cha dereva, nusu akitarajia kuona kichwa kikiinuka. Aliona aibu, lakini hakuacha kutazama.

Taa kwenye kioo iliwaka.

Gari likakohoa. Lilitikisika zima, grr, grr, grr, kiti cha dereva kikiwa kitupu, usukani umetulia, na Mkuu wa kituo akasimama huku mkono wake umeushika mfuko wenye ufunguo. Askari wa zamu alikuwa ameshatoka nje. Shoti peke yake ndiye aliyekimbilia mbele, akaiinua boneti.

"Usiguse," Inspekta alisema.

"Sigu... sigusi! Njoo uone, afande. Njoo haraka."

Kando ya injini nyaya mbili za kitufe zilipita pamoja, zimeviringishwa tepu nyeupe. Tepu ilikuwa imeteleza pembeni, ngozi ya nyaya imelegea kwa joto, na mahali kila waya ulipoungwa kipande kingine, shaba ya mmoja ilikuwa imeegemea shaba ya mwenzake, ikitoa cheche ndogo za buluu. Mtikisiko wa stata ukazitenganisha. Gari likanyamaza na taa ikazimika.

"Mmoja unatoka kwenye betri, mwingine unakwenda kwa bosi," alisema Shoti, sasa bila utani. "Kitufe kazi yake ni kuwakutanisha. Hapa wanakutana wenyewe, kitufe hakina habari. Joto likizidi wanaegemeana. Gari likitikisika wanaachana. Likipoa, ukija kupima, huoni kitu."

"Na hiyo tepu?"

"Hii si tepu ya umeme. Ni ile nyeupe ya mafundi bomba, ya kuzungushia kwenye maungio ya bomba lisivuje. Haina gundi hata chembe. Bombani inabanwa na bomba. Kwenye waya nani ataibana?" Alitikisa kichwa. "Amefunga umeme kama anafunga maji."

Inspekta alimgeukia Mkuu. "Alifunga mwenyewe, kwa tepu ya kazi yake. Siku ile alitoka safari, injini moto. Alilizima, akamrushia mdogo wake ufunguo, akainama bombani. Halikunguruma kwa sababu lilikuwa limezimwa. Stata tu ililisogeza. Lilipogonga ukuta, nyaya zikaachana."

Mkuu alisogea, akainama kuitazama tepu ile. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mvivu tu, na uvivu wake nusura umpoteze kijana wa watu.

"Mtoeni," alisema hatimaye.

"Nilisema tangu mwanzo ni shoti," alisema Shoti, akikunja waya wake.

Askari wa zamu alikuwa amechungulia langoni. "Kwa hiyo, afande, si yeye marehemu?"

"Ni kazi ya mikono yake," alisema Inspekta. "Zaidi ya hapo sijui."

Aliamua kumpelekea mama habari mwenyewe wakati kinyozi akikamilishiwa taratibu za kutoka. Alimkuta mlangoni, kwenye kigoda, khanga imemfunika hadi kidevuni ingawa joto halijapungua. Uani palikuwa pamefagiwa. Ukutani, juu kidogo ya bomba, rangi ilikuwa imebanduka.

"Mwanao anarudi, mama. Hana hatia. Yuko njiani."

Mama hakupiga vigelegele. Alifumba macho, midomo ikatikisika bila sauti, na machozi yakamshuka hadi kwenye khanga. "Basi ni nani aliyemuua mwenzake?"

"Hakuna mtu. Nyaya mbili ziligusana. Alizifunga mwenyewe, kwa haraka."

"Haraka alizaliwa nayo," mama alisema. "Hata mkunga hakumngoja."

Inspekta alikuwa na neno jingine la kufariji, lakini macho yake yalikuwa yameshafika kwenye pipa la maji pembeni mwa mlango. Juu ya mfuniko wa pipa palikuwa na jiwe kubwa, bapa upande mmoja, na upande huo ulikuwa na weusi wa mpira wa tairi. Kazi yake ilikuwa imekwisha. Angeweza kuaga akaondoka, na pengine ingekuwa heri.

"Unalitazama jiwe," alisema mama.

"Ndiyo, mama."

"Asubuhi ile upepo ulikuwa unauchukua mfuniko. Nikaona jiwe liko bure pale bombani. Nikalibeba kwa mikono miwili, zito, napumzika njiani." Alisema polepole, kama mtu aliyeyarudia maneno hayo mara nyingi bila msikilizaji. "Alasiri nimejilaza, magoti yananiuma. Gari likaingia. Wakagombana kidogo, mdogo akatoka. Kisha mkubwa akaniita. 'Mama, jiwe langu umelipeleka wapi?' Nikamsikia vizuri kabisa. Nikasema moyoni, ni mtu mzima, atalitafuta. Sikuitika."

Inspekta aliketi chini, kwenye kizingiti, karibu naye.

"Uliwaambia askari hukusikia kitu."

"Nilijua mdogo hakuwepo uani. Nilijua kaka yake alikuwa peke yake, maana nilimsikia akiniuliza. Lakini ningesema hivyo, wangeniuliza, 'Na wewe ulimjibu nini?'" Aliishika khanga yake kwa vidole vyote. "Niliogopa swali hilo, mwanangu. Nikamwacha mtoto wangu mwingine alale sakafuni kwa watu kwa sababu ya kuogopa swali."

"Jiwe peke yake haliui mtu, mama. Gari lilikuwa bovu."

"Sijasema jiwe. Nasema aliniita."

"Alikuita mara ngapi?"

"Siku ile mara moja," alisema mama. "Siku hizi kila alasiri."

Geti lilifunguliwa. Kinyozi aliingia na mfuko wa nguo mkononi, akasimama katikati ya ua kama mgeni. Mama alimwita akaribie, na kabla hajamkumbatia alimwambia yote, kama alivyomwambia Inspekta, bila kupunguza neno. Kinyozi alisikiliza amesimama. Inspekta aliiona hasira ikipanda usoni mwake, akaona haki yake ya kukasirika, na akatamani angekuwa mahali pengine popote.

Kijana alimpita mama yake, akaenda kwenye pipa, akaliinua jiwe. Mfuniko ulipeperuka mara moja, ukaanguka, ukabingirika hadi getini, na hakuna aliyeufuata. Alivuka ua nalo hadi bombani, akainama, akakaa hivyo muda mrefu mgongo umewageukia.

"Mama," aliita bila kugeuka. Sauti yake na ya kaka yake zilifanana, fundi cherehani alikuja kuapa baadaye, na papo hapo alifunga dirisha lake kwa kishindo akidhani ni marehemu. "Mama, jiwe lilikuwa linakaa wapi hasa?"

Mama alishika fremu ya mlango kwa mkono mmoja na bega la Inspekta kwa mwingine, akajiinua juu ya magoti yake mabovu.

"Nakuja, mwanangu," alisema, na safari hii akaenda.